Shajara ya mradi wa uaminifu darasa la nne: ilianza na raba iliyopotea

Kabla ya wiki ya 1

Naanza kuandika hii shajara kwasababu najijua. Nisipoandika, mwisho wa muhula nitasimama mbele ya walimu wenzangu niseme mradi ulienda vizuri na nitakuwa nadanganya, afu mradi wenyewe ni wa uaminifu. Kwahiyo hapa naweka yaliyotokea kama yalivyotokea, yakiwemo ya aibu.

Chanzo ni raba. Mtoto mmoja darasani kwangu raba yake mpya ilipotea, akalia, na mimi nikasimama mbele nikauliza kwa ile sauti yetu ya walimu, nani kachukua raba ya mwenzake, nahesabu mpaka tano. Kimya. Nikahesabu, nikatishia hakuna mapumziko, kimya zaidi. Kesho yake raba ikaonekana kwenye ndoo ya taka imekatwa vipande vinne. Nikakaa na vile vipande mezani nikawa nawaza, aliyechukua hakuwa na haja na raba tena tangu nilipoanza kuhesabu, alikuwa anahangaika na ushahidi. Kelele zangu hazikumfanya arudishe, zilimfundisha kuficha. Ningenyamaza tu siku ile labda raba ingerudi yenyewe chini ya dawati, "mwalimu nimeiokota hapa", yakaisha.

Nikamwomba mwalimu mkuu ruhusa ya mradi wa muhula mmoja. Mpango kwenye karatasi ulipendeza: mabango ukutani, hadithi, beji ya mtoto mwaminifu wa wiki, sanduku la vitu vilivyookotwa, kikao cha wazazi, na ahadi ya darasa. Nasema mapema kabisa (mstari huu nimeurudia kuuandika mwishoni), karibu nusu ya hivyo vitu vimekufa njiani.

Wiki ya 1

Niliandika UADILIFU ubaoni kwa herufi kubwa nikauliza ni nini. Majibu: kukaa kimya. Kumsikiliza mwalimu. Kuvaa vizuri. Kutokimbia kwenye korido. Yaani wote walikuwa wananielezea utii, na hata siwalaumu, ndo tunachowafundisha tukitumia hilo neno, kila tukitaka watulie tunasema "kuweni waadilifu".

Nikajaribu kuwatenganishia. Nikawauliza, kama mtoto mkubwa anakwambia umfanyie kitu kibaya na ukamtii, wewe ni mwadilifu? Wakabishana hapo dakika nzima ya maana. Nikawapa maelezo yangu: kufanya kile ulichosema utafanya, na kusema kilichotokea kama kilivyotokea, hata kama hakuna anayekuona. Binti mmoja wa dawati la nyuma akasema, kwahiyo mwalimu ni kusema kweli hata kama itakuletea noma. Nikaliandika hilo ubaoni badala ya la kwangu. Mabango niliyochapisha yenye methali nikaacha mawili tu, manake niliwauliza njia ya mwongo ni fupi maana yake nini, mmoja akasema mwongo anajua njia za mkato.

Nikawapa pia kile kisa maarufu cha Jean Piaget, yule mwanasaikolojia wa Uswisi aliyekitumia 1932: mtoto mmoja kafungua mlango bila kujua nyuma yake kuna vikombe, vikavunjika 15, mwingine kavunja kimoja tu lakini alikuwa anadokoa kitu kabatini. Nani kakosea zaidi? Piaget aliona wadogo wanahesabu vikombe na wakubwa wanaangalia nia. Darasa langu liligawanyika, na waliosema wa vikombe 15 ndo mbaya zaidi wakatoa sababu ambayo sikuitegemea: kwasababu huyo atapigwa zaidi. Hawakuwa wanahesabu vikombe, walikuwa wanahesabu hasira ya mama. Nimeliwekea alama hili, nadhani litarudi.

Wiki ya 2

Wiki ya hadithi. Nilitaka kutumia ile ya mvulana aliyekuwa anapiga kelele mbwa mwitu amekuja mpaka akaja kweli na hakuna aliyemwamini. Kila mtu anaitumia. Nikasoma kidogo nikakuta kuna utafiti wa 2014 wa akina Kang Lee na Victoria Talwar, waliwasomea watoto wa miaka 3 mpaka 7 hadithi tofauti, halafu wakaangalia nani atakiri kwamba alichungulia mdoli wakati aliambiwa asigeuke. Hadithi ya mbwa mwitu haikusaidia kitu. Iliyosaidia ni ile ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, na mti wa mcheri, ambapo mtoto anakiri kwamba yeye ndo aliukata na baba yake anafurahi kwa kusema kweli. Na walipoigeuza mwisho wake mtoto aumie kwa kusema uongo, nguvu ikaisha. Watoto hawakuvutwa na adhabu ya mwongo, walivutwa na kuona kilichompata aliyesema kweli.

Kichekesho ni kwamba hicho kisa cha mcheri wanahistoria wanakiona ni cha kutunga, mwandishi mmoja alikiingiza kwenye toleo la 1806 la wasifu wa Washington. Hadithi ya kufundisha ukweli yenyewe ni ya uongo. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mwenzangu akaniuliza kuna nini.

Watoto wangu wana miaka tisa, kumi, sio watatu, kwahiyo sikubeba matokeo mazima mazima. Nikatunga ya kwangu, mtoto kavunja kioo cha jirani kwa mpira na akaenda kugonga mlango mwenyewe. Nimefika kwenye jirani anamwambia asante kwa kuja, mkono ukapanda nyuma. "Mwalimu, na kama jirani angemchapa?" Nikajibu vitu vya hovyo hovyo, kwamba bado amefanya vizuri, moyo wake una amani, sijui nini. Yule mtoto akashusha mkono kwa heshima tu, hakuridhika, nilimwona.

Wiki ya 3

Kujisahihisha wenyewe. Wazo ni kwamba watoto wanafanya maswali kumi, wanapewa majibu, kila mtu anajisahihisha daftari lake.

Mwalimu mwenzangu akashauri tupige kopi za madaftari kimyakimya kabla ya kuwarudishia, tuone nani kabadilisha. Sio wazo jipya, Marekani miaka ya 1920 watafiti wawili, Hugh Hartshorne na Mark May, walifanya kitu kama hicho kwa watoto zaidi ya 10,000, darasani, kwenye michezo, kwenye kazi za nyumbani, wakaripoti 1928. Walichokikuta kiliwaudhi wengi: hakukuwa na kundi la watoto waaminifu na kundi la waongo. Mtoto anayedanganya kwenye hesabu anaweza asidanganye kwenye mchezo, na wa kwenye mchezo akawa malaika kwenye hesabu. Mahali na mazingira yalikuwa na uzito mkubwa kuliko tulivyodhani.

Hiyo ilinisaidia kuacha kutafuta "wale wabaya" darasani. Ila mtego nilikataa. Sina ubavu wa kumwambia mtoto nakuamini huku kopi ya daftari lake iko kwenye droo yangu. Mwenzangu akasema basi hutajua kitu. Sawa, sitajua.

Mara ya kwanza karibu darasa zima lilipata kumi juu ya kumi. Mpaka mtoto ambaye najua kuzidisha bado kunampiga chenga. Sikusema kitu. Mara ya pili nikabadilisha vitu viwili: penseli na raba zote mfukoni wakati wa kusahihisha, kalamu nyekundu tu mezani, na nikawaambia hizi alama haziendi popote, siziandiki, wazazi hawazioni, nazitaka ili nijue Jumatano nirudie nini. Alama zikatawanyika vizuri sana, nne, saba, tisa, mbili. Yule wa kuzidisha alijipa tatu na akanionyesha mwenyewe alipokosea. Nimefurahi kuliko angepata kumi za kweli, ajabu.

Wiki ya 4

Beji imekufa.

Ilivyokuwa: anayeokota kitu akakiweka kwenye sanduku anapata nyota, mwenye nyota nyingi Ijumaa anavaa beji. Jumatatu sanduku lilikuwa na penseli mbili. Jumatano lilijaa. Penseli, rula, soksi moja, mifuniko ya kalamu isiyo na kalamu. Mimi nikajipongeza, darasa limebadilika ndani ya siku tatu. Alhamisi mtoto mmoja akaja analia kwamba rafiki yake kila siku anamchukulia rula halafu "anaiokota". Kumbe wameshapanga mpaka zamu, wewe leo dondosha mimi niokote, kesho mimi nadondosha. Wawili walikuwa wanagawana nyota.

Nilikasirika dakika tano afu nikacheka, manake kwa kweli mtego nimeuweka mimi. Nilianza kulipa kwa kitu ambacho nilitaka kiwe hakina malipo. Sanduku limebaki, nyota hakuna. Sasa hivi linapata vitu vichache na vyote vimepotea kweli.

Kwenye sifa pia nimejirekebisha. Kuna utafiti wa 2017 uliofanyika China kwa watoto wa miaka mitatu na mitano, walioambiwa "wewe una akili sana" walichungulia majibu zaidi kuliko walioambiwa "safari hii umefanya vizuri". Ukishambandika mtoto cheo, anaanza kukilinda. Nikafikiria beji yangu, mtoto mwaminifu wa wiki, na mtoto aliyeivaa Ijumaa, Jumatatu akikosea atakiri vipi na juzi alikuwa anaitembeza shule nzima? Sasa nasema jambo lenyewe, umeniambia mapema, imenisaidia, basi.

Wiki ya 5

Hii wiki nimechoka. Darasa limegeuka ofisi ya malalamiko. "Mwalimu, huyu kasema hiki." "Mwalimu, yule kaangalizia." "Mwalimu, huyu jana alimdanganya dada yake." Wamechukua "kusema kweli" wakaifanya kuchongeana. Na anayechongea anasimama kifua mbele kabisa, si ulisema tuseme kweli.

Tulikaa chini kwenye mkeka tukaongea. Swali tulilokubaliana nalo kabla hujaja kwa mwalimu: nakwenda kusema ili mtu asaidiwe, au ili mtu apate shida? Kama mtu anaumia, anaweza kuumia, anaonewa, njoo mbio hata kama niko chooni (walicheka sana). Kama mwenzako kala kitafunwa chake kabla ya mapumziko, hiyo haikuhusu. Walitoa mifano mingi na mingine mimi mwenyewe nilikwama. Rafiki yako kaiba kitu cha mtu usiyempenda. Dada yako anatoka usiku. Tuliacha mingine bila jibu.

Hapo hapo nikaingiza jambo ambalo halikuwa kwenye mpango na nadhani lilitakiwa liwe la kwanza. Mtoto mmoja aliuliza, mwalimu kama nimeahidi kutunza siri, kusema si ni kuvunja ahadi? Nikasimamisha kila kitu. Nikawaambia kuna siri zenye mwisho, kama zawadi ya kumshtukiza mtu, siku ikifika kila mtu anajua na anafurahi. Na kuna siri ambayo mkubwa anakwambia usimwambie mtu yeyote milele, au ukisema utaona, au inahusu mwili wako. Hiyo si ahadi, hata kama uliapa, na ukiisema hujavunja kitu. Ukimwambia mtu mzima mmoja asikusikilize, nenda kwa wa pili, nenda kwa wa tatu. Tukaandika kila mtu majina ya watu wazima watatu anaoweza kuwaendea, kila mtu kwenye karatasi yake, sikuyakusanya. Watoto wawili walishindwa kufikisha watatu. Nimeongea nao pembeni, na mwalimu wa ushauri anawafuatilia, hayo mengine sitaandika hapa.

Nilivyorudi nyumbani nikawaza hivi vitu vya uaminifu tunavyovifundisha kizembe vinaweza kumfunga mtoto mdomo. Utii na kutunza ahadi, bila hilo somo la siri, ni zawadi kwa mtu mbaya.

Wiki ya 6

Kikao cha wazazi. Kabla yake niliwapa watoto vikaratasi visivyo na jina, andika uongo ambao wakubwa wanasema. Nilitegemea watashindwa kuanza. Kengele imelia bado wanaandika.

Nilivisoma mbele ya wazazi bila kuvipanga. "Mwambie sipo." "Niko njiani nakaribia kufika" (hajatoka kitandani). "Ukiendelea kulia polisi watakuja kukuchukua." "Simu haina chaji." "Nitakupeleka Jumamosi." "Sindano haiumi." "Haya mwambie mwalimu ulikuwa unaumwa." Wazazi walikuwa wanacheka, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, mpaka nilipofika "baba anasema tusimwambie mama, mama anasema tusimwambie baba", chumba kikapoa.

Nikawaeleza jambo moja la kitafiti, la 2014 pia, Marekani. Mtafiti anamwambia mtoto kuna bakuli la pipi chumba cha pili, twende, wakifika anamwambia nilikudanganya, nilitaka tu uje tucheze. Halafu mtoto anaachwa peke yake na mchezo wa kubahatisha na anaambiwa asichungulie. Wenye umri wa kuanza shule waliodanganywa walichungulia zaidi na wakadanganya zaidi kuliko wenzao ambao hawakudanganywa. Kwa wadogo zaidi haikuleta tofauti. Kwahiyo ni hawahawa wetu wa shule ndo wanatusoma.

Baba mmoja akabisha, tena kwa hoja. Mwalimu, mtoto akiniuliza kama tuna matatizo ya hela nimwambie kila kitu? Nikasema hapana, hatujasema kila kitu kitoke. "Hili ni la wakubwa, nitakueleza ukikua" ni ukweli. "Hakuna tatizo lolote" huku mtoto anakuona unalia si ukweli, na anajua. Hakukubali moja kwa moja ila aliandika.

Mama mmoja akanisubiri nje wenzake wakishaondoka. Mwalimu naomba usinitaje, zile hesabu za wiki iliyopita nilifanya mimi, nilikuwa nataka alale mapema. Nikamwambia mama, mwandiko niliujua. Tukakubaliana akichoka aandike pembeni tumeishia hapa, nitasaini. Tangu hapo madaftari matano sita yanakuja na "tumeishia hapa", na yananisaidia kuliko yale yaliyokamilika yote sahihi.

Sijamaliza. Kwenye vile vikaratasi kulikuwa na vitatu vyenye maneno karibu yaleyale: "Mwalimu alisema atarudisha madaftari Jumatatu hakurudisha." Hivyo sikuvisoma mbele ya wazazi. Niliviruka, vidole vyangu vyenyewe vilivipeleka chini ya rundo. Kesho yake nikavisoma mbele ya darasa na nikasema kwamba jana niliviruka. Wakapiga makofi, sijui walikuwa wanapigia nini.

Wiki ya 7

Mitihani ya katikati ya muhula. Hakuna kilichofanyika kwenye mradi.

Wiki ya 8

Uongo, kilifanyika: niliona kuangalizia kwingi kuliko kawaida. Nikaahirisha hukumu, nikawaita mmoja mmoja, si kuuliza kwanini umeiba mtihani, bali kuuliza ilikuwaje. Wachache walisema hawakusoma. Ila wengi walikuwa ni wale waliotoa, sio waliochukua. "Mwalimu nisipomwonyesha atasema mimi mchoyo." "Yeye huwa ananipa vyake." "Hatanichezesha."

Hili nilikuwa sijalifikiria kabisa. Sisi tunaita udanganyifu, kwao ni kunyimana au kutonyimana. Tumewafundisha tangu wadogo wagawane, kila mwenye nacho ampe asiye nacho, halafu siku moja tunawakalisha kwenye dawati moja tunawaambia leo ukimpa mwenzako ni kosa, na hatuelezi kwanini. Mtoto anayefunika karatasi yake anaonekana mbaya kwa rafiki, asiyefunika anaonekana mbaya kwa mwalimu. Ana miaka tisa, atachagua rafiki, hata mimi ningemchagua.

Jaribio: kabla ya kila zoezi la kupima, dakika 20 za kusaidiana kwa kelele. Uliza yeyote, onyesha chochote, fundishaneni. Kengele ikigonga kila mtu na lake. Na nimewapa sentensi ya kumwambia rafiki, "nilikupa kwenye dakika za kupeana". Inachekesha lakini wanaitumia, inawaokoa uso. Nimetenganisha madawati pia, sioni aibu kwa hilo. Kuna walimu wanaona kutenganisha madawati ni kukiri huwaamini watoto, mimi naona ni sawa na kutoacha hela mezani.

Wiki ya 9

Hii ni siku ambayo nimekaa nayo.

Tulishaweka utaratibu wa darasa wa mtu aliyekosea: unasema, unarekebisha, yameisha. Umechana daftari la mwenzako, unasema, unaligundisha au unatafuta namna ya kulipa, halafu hakuna anayeruhusiwa kukukumbushia. Ulikuwa unafanya kazi. Mwalimu mwenzangu alionya, unawalea walegevu hawa, watakosa makusudi wakijua wakikiri yameisha. Na amepatia kwa mtoto mmoja, huyo alikuja kukiri mara tatu wiki moja kosa lilelile, ameshaigeuza tiketi. Huyo tumeongeza hatua, mara ya pili ya kosa lilelile tunakaa na mzazi. Ila kwa wengine imefanya kazi, vitu vinarudi, na vinarudi vizima.

Jumanne kijana mmoja mpole, sio wa kelele, akaja kabla ya namba akasimama kwenye meza yangu. "Mwalimu jana nilivunja kioo cha simu ya baba. Nikamwambia mwenyewe, kama ulivyosema." Akanyamaza. Akavuta mkono wa sweta. "Mwalimu ulisema."

Sina cha kuongezea. Hakuwa ananilaumu kwa hasira, alikuwa anauliza kweli, kama mtu aliyefuata hatua zote za hesabu na jibu limekuja tofauti na la nyuma ya kitabu.

Nilimwomba msamaha. Nikamwambia alichofanya kilikuwa sahihi, na mimi nilikosea kuahidi kwa niaba ya watu ambao siwezi kuahidi kwa niaba yao. Tukapitisha taarifa kunakostahili ndani ya shule, nikamwomba baba aje. Alikuja, hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka. Anasema, mwalimu nilichapa kabla sijasikia alichosema, nilisikia baadaye kwenye kichwa changu. Nikamuuliza, sasa kioo kingine kikivunjika atakuja tena kukwambia? Akaangalia sakafu muda mrefu.

Kuna utafiti wa 2011 wa Talwar na Lee uliofanyika Afrika Magharibi, shule mbili, moja yenye adhabu kali za viboko na nyingine isiyo nazo, watoto wa miaka mitatu na minne. Wa shule ya viboko walidanganya wengi zaidi, na walikuwa mafundi zaidi wa kuushikilia uongo wao. Nilikuwa naujua huo utafiti tangu wiki ya 2 na nilikuwa nautumia kama mfano kwenye mazungumzo ya walimu. Mpaka Jumanne nikagundua nilikuwa nimesoma kama habari za watu wengine. Yule mtoto aliyeuliza "na kama jirani angemchapa" alishaniambia yote.

Nimebadilisha maneno ukutani. Ilikuwa "Ukisema kweli hutaumia". Sasa ni "Ndani ya darasa hili ukisema kweli utasikilizwa kwanza". Ni refu na halina mvuto ila naweza kulitimiza.

Wiki ya 10

Tumepeleka karatasi moja nyumbani, fupi. Mtoto akikiri jambo kwako: mwache amalize, sema "asante kwa kuniambia" hata kama meno yameumana, halafu ndo mzungumzie kulipa au kurekebisha, na kama una hasira mwambie tutaongea baada ya muda na kweli muongee. Na usiulize swali ambalo jibu unalijua. Hili la mwisho ndo lililoleta mjadala kwenye grupu la wazazi. "Umevunja wewe?" huku vipande unaviona na mtoto anaona unaviona, hapo umemwalika adanganye. Sema "naona kimevunjika, tunafanyaje?"

Mama mmoja ameandika kwamba amejaribu na mtoto wake akaangua kilio kuliko angechapwa. Mwingine ameandika haya mambo hayawezekani mtu umetoka kazini. Wote nawaamini.

Wiki ya 11

Mwalimu mkuu anataka matokeo. Nimpe nini? Sanduku nililihesabu lakini sanduku linaweza kujaa kwasababu wamekuwa wazembe wa kupoteza vitu. Alama za kujisahihisha zimetawanyika, hilo naweza kuonyesha. Kesi za kuchongeana zimepungua au wameacha tu kuniambia, sijui kutofautisha.

Afu nina la kukiri. Mwanzoni niliweka mstari juu ya karatasi za mtihani, mtoto anasaini kwamba hii ni kazi yangu, kabla ya kuanza. Niliutoa kwenye utafiti maarufu wa 2012 uliosema mtu akisaini juu ya karatasi kabla ya kuanza, badala ya chini akimaliza, anadanganya kidogo. Wiki hii nimekuta huo utafiti ulifutwa 2021 baada ya kuonekana data zake si za kweli. Utafiti wa uaminifu! Niliwasomea walimu kwenye chai, kimya kidogo, halafu ofisi nzima ikaripuka kwa kicheko. Mstari nimeutoa. Nimebakiza kuwauliza kwa mdomo kabla ya mazungumzo mazito, unaniahidi utaniambia kilichotokea? Hilo Talwar na wenzake walilijaribu tangu 2002 na mtoto aliyeahidi alisema kweli zaidi. Watoto niliwaeleza pia kwanini mstari umeondoka. Mmoja akauliza, kwahiyo mwalimu hao watu wakubwa waliangalizia? Nikasema ni kama hivyo. Akaonekana kufarijika.

Ripoti nimeandika kurasa mbili. Iliyofeli: beji, nyota, mabango, saini. Inayoendelea: sanduku, kujisahihisha bila kurekodi, dakika za kupeana, somo la siri kila muhula na darasa zote, karatasi ya wazazi. Nimependekeza muhula ujao tuanze na walimu kabla ya watoto, na nimetaja mambo ya walimu tunayofanya mbele yao, mfano kusaini tumefundisha kipindi ambacho hatukuingia. Sijui kama litapita, niliona mwenzangu mmoja ananiangalia wakati nachapa.

Yule kijana wa simu juzi alimwaga wino kwenye kitabu cha maktaba. Alikuja mwenyewe. Alichukua siku mbili kuja, zamani alikuja kesho yake tu. Nimeliandika na hilo.

Leo ni Jumamosi usiku. Nimewaambia madaftari wanayapata Jumatatu asubuhi. Yamebaki 23.